Jenga Mkao wa Mpanda Farasi Ukiwa Chini: Mazoezi ya Nyumbani kwa Anayeanza

Mwanafunzi mpya akishuka kwenye tandiko, maswali ni yale yale. Mwalimu, mbona narushwarushwa farasi akianza telki, ule mwendo wa mbio ndogo? Mbona kisigino hakitaki kukaa chini? Mbona kiuno kinauma mpaka kesho yake? Nimeyajibu kwa mmoja mmoja kwa muda mrefu, leo nayaandika yote mahali pamoja. Karibu kazi yote utaifanya nyumbani, bila farasi.

Huku kwetu Dodoma farasi ni wachache. Kuna ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na usubi, na farasi asiyechanjwa akiupata mara nyingi haponi, kwa hiyo kumfuga ni gharama na ni wasiwasi. Wengi wenu mnapata saa moja ya kupanda kwa wiki, wengine mbili kwa mwezi. Saa moja haibadilishi mwili uliokaa kwenye kiti cha ofisi siku tano.

Lakini linalonigusa zaidi ni kwamba makosa yako analipia farasi. Ukiyumba unashika hatamu, hatamu inavuta lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni, na lijamu limelala juu ya ulimi wake. Ukitua kwa kishindo, unatua juu ya misuli ya mgongo wake. Huyu ni mnyama anayemhisi inzi mmoja akitua ubavuni na kutikisa ngozi kumfukuza. Sioni haki ya kujifunzia mizani juu ya mgongo wake wakati kuna mkeka na kigoda nyumbani.

Kabla hatujaanza, mtazame mama wa Kigogo anayetoka kuchota maji, ndoo ya lita ishirini kichwani, mikono ikining'inia bila kuishika. Watu husifia shingo yake. Wewe tazama nyonga zake. Zinacheza, zinapokea kila hatua, na kwa kuwa zenyewe zinacheza, ndoo haichezi. Angekakamaa angelowa maji kabla ya kufika nyumbani. Hicho ndicho tunachokitafuta: kiwiliwili kilichotulia juu ya nyonga zilizo huru. Mazoezi yote yaliyo hapa chini yanakwenda huko, na ukijikuta umebana meno na kukakamaa, jua umetoka njiani.

Vitu vya kuwa navyo

- Mkeka, au kanga mbili zilizokunjwa juu ya sakafu.
- Kigoda au benchi gumu la mbao. Sofa haifai, maana inaficha mifupa.
- Fimbo iliyonyooka, hata mpini wa ufagio.
- Kikombe cha plastiki na maji kidogo.
- Tyubu kuukuu ya baiskeli, iliyokatwa ikawa mkanda mrefu. Fundi baiskeli wa mtaani atakupa kwa bei ndogo au bure.
- Chupa mbili za nusu lita zilizojaa maji.
- Simu ya kujipiga picha kwa ubavuni, na mtu wa kukushikia.

Fanya asubuhi kati ya saa 12 na saa 2, au jioni jua likishapoa. Jua la mchana la Dodoma halina huruma, na miezi ya kiangazi upepo unakujaza vumbi kifuani. Kama unafanyia uani, fagia kwanza. Mbigili moja chini ya kiganja itakuharibia zoezi zima.

Kama una mimba, umewahi kuumia mgongo au nyonga, au unapata ganzi inayoshuka mguuni, mwone daktari kwanza. Maumivu ya misuli kuchoka ni ya kawaida. Maumivu makali ya kuchoma, yaliyo kwenye kiungo, au yanayoshuka chini ya goti si ya kuvumilia. Hapo acha.

Jipime kwanza

Simama kwa mguu mmoja, mikono kiunoni, uhesabu sekunde. Badilisha mguu. Kisha lala kwa ubavu ukijiinua juu ya kiwiko, magoti yamekunjwa, nyonga juu, uhesabu tena pande zote mbili. Andika namba. Karibu kila mtu ana upande ulio dhaifu, na upande huo ndio unaokufanya uketi kombo kwenye tandiko bila kujua. Mwisho, piga picha ya ubavuni ukiwa umesimama kama kawaida yako, usijirekebishe. Iweke, tutairudia.

Hatua kwa hatua

1. Itafute mifupa miwili ya kukalia. Keti kwenye kigoda, nyayo chini, kisha ingiza viganja chini ya makalio. Utahisi vifundo viwili vigumu. Hivyo ndivyo unavyokalia farasi, na kupitia hivyo yeye anakusikia. Toa mikono. Zungusha fupanyonga mbele taratibu mpaka kiuno kiingie ndani, kisha nyuma mpaka mgongo uviringe kama wa mtu aliyechoka. Nenda na kurudi mara kumi, kila mara ukipunguza, mpaka usimame katikati, pale uzito unaposhuka wima juu ya mifupa hiyo. Kumbuka mahali hapo. Fanya kila siku, hata ukiwa kazini.

Kosa linalonisumbua zaidi hapa ni kifua mbele. Mtu akiambiwa "keti wima" anatoa kifua kama yuko gwaride, kiuno kinapinda, na tayari ametoka pale katikati. Kuketi wima ni kurefuka kwenda juu. Fikiria uzi unakuvuta utosini.

2. Pumua chini. Lala chali kwenye mkeka, magoti yamekunjwa, kiganja kimoja kwenye kitovu na kingine ubavuni juu ya mbavu. Vuta pumzi kwa pua mpaka mbavu zitanuke pembeni. Itoe kwa mdomo kwa sauti ya "sss" ndefu, mpaka uhisi tumbo la chini likijibana lenyewe. Mara kumi. Usilirukie kwa kuliona jepesi. Anayeanza akiogopa hushika pumzi, na akishika pumzi anakuwa gogo. Ukipanda gogo, farasi anajua.

3. Mende aliyegeuka chali. Ukiwa bado umelala, inua miguu magoti yakae juu ya nyonga, mikono imenyooka kuelekea dari. Toa pumzi, kisha shusha mkono wa kulia nyuma ya kichwa na mguu wa kushoto mbele kwa pamoja, taratibu, visiguse chini. Rudisha, badilisha. Mara sita kila upande, mizunguko miwili. Kiuno kisiinuke mkekani. Kikiinuka, umeshusha mguu mno, kwa hiyo punguza. Zoezi hili linafundisha kiwiliwili kutulia huku mikono na miguu ikifanya kazi tofauti, na ndiyo kazi yenyewe ya mpanda farasi: mguu unasema jambo moja, mkono jingine, katikati kumetulia.

4. Kikombe mgongoni. Piga magoti, viganja chini, mgongo bapa kama meza. Mtu akuwekee kile kikombe cha maji juu ya kiuno. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, usiuinue kuliko mgongo, ukae sekunde nane hadi kumi. Badilisha. Mara tano kila upande. Kikombe kikimwagika upande mmoja tu kila mara, umekwisha kupata habari: nyonga ya upande ule inakimbia.

5. Planki ya ubavu. Anza na magoti yamekunjwa, kiwiko chini ya bega, nyonga imeinuliwa. Sekunde kumi, shuka, rudia mara tano. Badilisha upande. Ukiona sekunde kumi ni rahisi kabisa pande zote, nyoosha miguu. Upande uliopata namba ndogo ulipojipima uongezee mizunguko miwili, kila siku ya mazoezi. Kama mwili wako una muda wa zoezi moja tu leo, chagua hili, maana ndilo linalozuia ule ubavu kuporomoka unapokata kona.

6. Daraja. Chali tena, magoti yamekunjwa, nyayo chini. Bana makalio, inua nyonga mpaka mapaja na kiwiliwili viwe mstari mmoja, hesabu tatu, shuka polepole. Mara kumi na mbili. Ukihisi mshiko nyuma ya paja badala ya makalio, sogeza visigino karibu.

7. Fungua nyonga. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wa ofisini wanapokwama. Ukitoka Mtumba, kwenye ofisi za serikali, baada ya saa nane za kiti, misuli inayopita mbele ya kinena imefupika. Ukipanda farasi, paja haliwezi kushuka, goti linakuja juu, unaketi kama uko kwenye kiti na miguu mbele. Bodaboda nao wana tatizo hilo hilo, maana pikipiki ni kiti. Unaweza kuwa na nguvu za nyati, nyonga zisipofunguka hakuna mkao.

Piga goti moja juu ya kanga iliyokunjwa, mguu mwingine mbele, goti la mbele wima. Sasa, kabla hujasogea popote, kunja fupanyonga ndani kama mbwa anayeficha mkia. Wengi hapo hapo wanahisi mvuto mbele ya paja la nyuma. Kaa sekunde thelathini hadi arobaini na tano, ukipumua ile pumzi ya hatua ya pili. Mara tatu kila mguu. Kosa ni kujisukuma mbele kwa kupinda kiuno. Unaona umenyooka sana kumbe unachovuta ni kiuno, nyonga haijaguswa.

Kisha keti chini, nyayo zikutane, magoti yaanguke pembeni kama mbawa za kipepeo. Usiyasukume kwa mikono, yaachie uzito wayashushe. Malizia kwenye ngazi au tofali: simama kwa ncha ya mguu, visigino nje, uvishushe chini taratibu uvutike shavu la mguu. Kisigino kinachopanda juu kwenye kikuku, yaani kile chuma cha kukanyagia, mara nyingi kina shavu fupi nyuma yake.

8. Simama kama uko juu ya farasi. Panua miguu kuliko mabega, vidole vielekee mbele, magoti yalegee kidogo. Shusha uzito kama unayetaka kukaa lakini usikae. Mtu akupige picha ya ubavuni. Sikio, bega, nyonga na kisigino viwe mstari mmoja kutoka juu kwenda chini. Jiulize: farasi akitoweka ghafla chini yangu, ningetua nimesimama au ningeanguka kifudifudi, au kwa makalio? Rekebisha mpaka jibu liwe nimesimama. Kaa dakika moja.

Ukishaweza, ongeza mdundo. Telki ina mapigo mawili: moja, mbili, moja, mbili. Pigo la kwanza inuka upana wa vidole vitatu tu, la pili shuka bila kuanguka. Mwenzako apige makofi, au piga ngoma kwenye simu. Nikifika hapa huwa nawakumbusha wanafunzi ngoma ya muheme, namna akina mama wa Kigogo wanavyobana ngoma katikati ya mapaja na kuipiga huku wakicheza. Mapaja yanafanya kazi, lakini mabega na shingo havina habari. Jaribu hivyo. Mabega yakianza kupanda kuelekea masikioni, simama, tikisa mikono, anza upya.

9. Mizani. Mguu mmoja, sekunde thelathini. Ukiweza, fumba macho. Ukiweza na hilo, simama juu ya gunia lililokunjwa mara nne. Kaa karibu na ukuta usije ukaanguka.

Sasa rudi kwa yule mama wa ndoo. Tengeneza kata kwa kanga, iweke kichwani, juu yake beseni dogo tupu la plastiki, tembea uani hatua ishirini kwenda na kurudi. Siku nyingine tia maji kikombe kimoja. Usiongeze zaidi ya hapo, hatutafuti uzito, na mwenye matatizo ya shingo aishie kwenye kata peke yake. Kichwa chenyewe kina kilo nne hadi tano. Ukiangalia chini kumtazama farasi shingoni, kilo hizo zote zinaning'inia mbele na mgongo unafuata. Beseni litakufundisha kutazama mbele haraka kuliko mimi nikipiga kelele uwanjani.

10. Mikono inayofuata. Funga tyubu kwenye nguzo usawa wa kitovu, shika ncha mbili kama hatamu, viwiko kando ya mbavu, vidole gumba juu. Mwenzako aivute na kuiachia katikati, kama kichwa cha farasi kinavyokwenda mbele na kurudi anapotembea. Kazi yako ni viwiko vifunguke na kujifunga, mvutano ubaki ule ule, kiwiliwili kisiinamie. Dakika mbili. Baadaye zishike zile chupa za maji kwa dakika moja viwiko vikiwa mahali pake, ili mabega yajue kazi. Hatamu si mshikio wa kujizuia usianguke, na mwili utaliamini hilo pale tu utakapokuwa na mahali pengine pa kujishikia, yaani tumbo na nyonga.

Kupanga wiki

Hatua ya kwanza, ya pili na ya saba fanya kila siku, dakika kumi zinatosha. Zilizobaki mara tatu kwa wiki, kwa mfano Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, ukiacha siku ya kupumzika katikati. Ongeza muda kwanza, ugumu baadaye. Wengi huanza kuhisi tofauti kwenye tandiko wiki ya nne hadi ya sita. Hapo piga tena ile picha na ujipime upya. Siku ya kupanda usifanye mazoezi mazito asubuhi. Fanya ya kwanza, ya pili na kufungua nyonga, basi, halafu nenda kwa farasi ukiwa na nguvu zako.

Yanayowaharibia wengi

Tumbo la mia moja kwa siku, lile la kujikunja na kunyanyuka. Tafadhali achana nalo. Mpanda farasi akiogopa hujikunja mbele, na zoezi lile linafundisha kujikunja mbele. Unajenga adui yako.

Kubana magoti. Mtu akishapata nguvu za mapaja anazitumia kumng'ang'ania farasi kwa magoti. Goti likibana linakuwa bawaba: makalio yanaruka juu, mguu wa chini unateleza nyuma, na ukisimamishwa ghafla unakwenda na kichwa. Nguvu ya paja ni ya kulirefusha chini.

Kufanya haraka. Mende mmoja wa polepole ana faida kuliko ishirini wa kukimbizana.

Ukikwama

*Nimefanya wiki sita, bado narushwa kwenye telki.* Hesabu kwa sauti ukiwa juu. Asiyeweza kuhesabu ameshika pumzi. Kama unaweza kuhesabu na bado unarushwa, rudi hatua ya kwanza na umwombe mwalimu akuongoze farasi kwa kamba akitembea tu, wewe ukifuata mwendo kwa nyonga, kabla ya kurudi kwenye telki.

*Kiuno kinauma baada ya planki.* Nyonga imelegea chini au umekaa muda mrefu kuliko uwezo. Punguza sekunde kwa nusu. Ikiendelea kuuma hata hivyo, acha zoezi na uende hospitali.

*Kisigino bado kinapanda.* Usikisukume chini kwa nguvu, ukikisukuma kifundo kinakakamaa na mguu unakwenda mbele. Legeza goti, acha uzito ushuke. Angalia pia kama vikuku ni virefu mno, maana anayevifikia kwa ncha ya vidole hana namna ila kuinua kisigino.

*Mapaja yanatetemeka hatua ya nane.* Kawaida. Punguza kina, gawa dakika moja kuwa mara tatu za sekunde ishirini.

*Naegemea upande mmoja, na mazoezi ya upande ule nayafanya.* Kabla ya kuulaumu mwili, kagua tandiko. Mimi nilihangaika miezi na ubavu wangu, nikiongeza planki kila wiki, mpaka siku moja nilipoivua mikanda ya vikuku nikaining'iniza kwenye msumari mmoja. Wa kushoto ulikuwa mrefu kuliko wa kulia kwa karibu upana wa vidole viwili. Tunapandia kushoto kila siku, na ngozi ya upande ule inavutika kwa uzito wetu. Sasa nabadilishana mikanda kushoto na kulia kila mwezi, napandia juu ya jiwe au gogo inapowezekana, na kila mwanafunzi anayelalamika kuegemea namwambia avue mikanda aipime kwanza.